Msizitupe kompyuta zenye diski za kuzunguka

Mhariri, assalamu alaykum.

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Juzi nimepita karibu na jaa moja hapa mjini nikaona sipiyu nne, yale makasha ya kompyuta za mezani, zile za rangi ya maziwa zimelaliana na vifuu vya nazi, moja kifuniko kimetoka na hadidiski, ile diski ya kuhifadhia mafaili, imo ndani nzima na skrubu zake zote, nikasimama pale mpaka mpita njia akaniuliza kaka umepoteza nini. Nimeumia kwa kweli, na nataka niseme kwa nini.

Kwetu kompyuta iliingia mwaka 2002. Ami yangu aliinunua mtumba, Pentium II, RAM megabaiti 64, hadidiski gigabaiti 4, Windows 98, akaieka chumba cha wageni na mama akaishonea kitambaa cha kuifunika. Intaneti hakuna, ni mashine na sisi tu. Miezi ikapita ikaanza kuwa nzito, unafungua Word unakwenda kuteka maji unarudi ile alama ya saa ya mchanga bado ipo palepale. Mimi nikadhani imekufa. Ami akasema haijafa, imevurugika, njoo nikuoneshe, na ndo siku ya kwanza kuona defragi, programu ya kupanga upya mafaili kwenye diski.

Kwa vijana ambao hawakuiona: ndani ya hadidiski mna sahani inayozunguka, zile zetu mara 5,400 kwa dakika, na mkono wenye kichwa unaopita juu yake kusoma. Faili halikai kipande kimoja, linakatwa vipande vinaitwa klasta, kwenye FAT32, mpangilio wa mafaili wa Windows za wakati ule, kwa diski kama yetu kila kimoja kilobaiti 4, kwa hiyo wimbo mmoja wa taarab wa megabaiti 4 ni vipande 1,024. Vikipangana mfululizo mkono unavisoma kwa mpigo mmoja. Ila ukifuta hichi ukaeka kile, ukafuta tena, nafasi zinabaki viraka viraka na faili jipya linajazwa kwenye mianya, kipande huku kipande kule. Ami alinipa mfano wa lile sanduku la juzuu 30 la chuoni, zikirudishwa ovyo baada ya khitma unaitafuta juzuu ya 17 unaikuta chini ya ya 3, juzuu zote zimo hakuna iliyopotea, lakini muda unakwenda kwenye kutafuta. Mkono wa diski kuhama na kusubiri sahani izunguke ni kama milisekunde 15, inaonekana si kitu, ila faili likiwa limetawanyika sehemu 200 ushapoteza sekunde 3 kwa kutafuta tu, na Windows ikiwaka inafungua mafaili mengi mno.

Sasa defragi kazi yake ni kulipanga lile sanduku. Unabonyeza ioneshe undani na skrini inajaa visanduku vidogo vidogo vya rangi, vinahama kimoja kimoja mbele ya macho yako, cha kijani kinasomwa, chekundu kinaandikwa, na kule ndani unausikia mkono krr krr krr. Sisi tukiianza Ramadhani baada ya tarawehe, ikifika wakati wa daku imefika asilimia 70 au 80, na mama kashapiga marufuku mtu kusogelea meza. Maana ukigusa kitu, programu nyengine ikaandika kwenye diski, defragi inasema yaliyomo yamebadilika na inaanza upya! Hata skrini seva, ile picha inayojitokeza mashine ikikaa bila kuguswa, ilitosha kuiharibu. Ndo tukajifunza kuzima skrini seva, kuzima antivairasi, na ikishindikana unawasha mashine unabonyeza F8 unaingia sefu modi ambako hamna kitu chengine kinachojiendesha. Nilikuwa mtoto wa skuli na nilijua programu gani inajiwasha yenyewe na kwa nini, nilikuwa naingia msconfig, pahala pa kuchagua kipi kijiwashe, naondoa tiki moja baada ya moja nawasha tena nahesabu sekunde kwa saa ya ukutani.

Mhariri wewe utakumbuka tarehe 21 Mei 2008, umeme ulipokatika Unguja nzima. Siku ile mashine yetu ilikuwa katikati ya defragi. Ilizima pwa, na sisi tukadhani ni katikakatika ya kawaida, kumbe ndo mwezi mzima, umeme ulirudi 18 Juni. Mwezi ule watu walikuwa na mengi ya kuhangaikia, maji, samaki kuoza, ada za jenereta, lakini mimi kila nikilala nawaza kitu kimoja tu, picha za bibi. Bibi alikuwa keshafariki na picha zake tulizipeleka dukani zikaskeniwa, tukaja nazo kwenye flopi za megabaiti 1.44 moja moja, na kopi nyengine hatukuwa nayo. Sikujua kama vipande vile vilishahamishwa au vimekatikia njiani. Umeme uliporudi tukaiwasha, ikaja ile skrini ya buluu ya skendiski, programu ya kukagua diski, inayosema kompyuta haikuzimwa inavyotakiwa, tukakaa familia nzima kimya tunaangalia mstari ukisogea. Ikakuta vipande visivyo na mwenyewe ikavieka kwenye mafaili yenye jina FILE0000 na mwisho wake CHK. Picha za bibi zote zilifunguka isipokuwa mbili. Baadae nikasoma kwamba defragi inanakili kipande kwanza pahala papya halafu ndo inabadilisha ile orodha ya FAT inayosema kiko wapi, ndo maana kidogo sana kilipotea. Ule uelewa wa kueka kopi ya pili ya kila kitu nimeupata hapo, sikuupata darasani.

Mambo yakabadilika. Windows XP ya 2001 ilibakisha ule mchoro ila ukawa mistari, buluu kwa mafaili yaliyo sawa na nyekundu kwa yaliyokatikakatika, halafu Vista ilipotoka 2007 mchoro ukaondolewa kabisa, kazi inafanyika kimyakimya kwa ratiba na wewe huoni kitu. Sasa tuna SSD, diski ya kisasa ambayo haina sahani wala mkono, kipande kiwe wapi kinafikiwa kwa haraka ileile, na ni nzuri mno sikatai, natumia mwenyewe.

Lakini tazama matokeo yake. Mwezi uliopita dada yangu kapeleka laptopu yake kwa fundi, simtaji, laptopu ina SSD, akatozwa pesa za "kudefragi ili iwe nyepesi". Kwenye SSD hiyo si huduma! Kila kuandika kunakula uhai wa zile chembe zinazohifadhi data, kwa hiyo ni kuichosha bure, na Windows 7 ya mwaka 2009 ilishaanza kuitambua SSD na kuizimia defragi ya ratiba, yaani jambo hili ni la zamani. Dada asingedanganyika kama angewahi kuona hata mara moja kile kinachofanyika mle ndani. Na yeye si peke yake, nina watoto wa ndugu zangu wanatumia simu usiku na mchana na ukiwauliza faili linakaa wapi wanakwambia "kwenye simu".

Ndo maana naomba kwa wazee na walimu, kama mna sipiyu ya zamani store isitupwe. Ipulizeni vumbi, iwasheni kupitia stebilaiza, nakilini kwanza picha na nyaraka zilizomo maana diski ya umri ule inaweza kufa siku yoyote, halafu waiteni watoto wakae mbele yake wapige defragi mpaka mwisho. Skuli yenye mashine moja tu ya Windows 98 ina somo zima la kompyuta. Mimi ile ya ami ninayo mpaka leo na bado inawaka, kila Jumamosi baada ya alasiri naieka barazani kwetu na vijana wa mtaani wanakuja, juzi mmoja wa miaka 11 alisikiliza ule mlio akaniuliza "ami, sasa hivi inapanga ipi?" tukatafuta pamoja.

Mhariri ukiniruhusu nitaandika barua ya pili kuelezea hatua za kufanya kabla ya kuianza, hasa kuzima skrini seva, kwa sababu wengi walikuwa wanakwama hapo na kuacha.

Msomaji wenu,
Kikwajuni, Unguja