Yah: Matairi mawili ya mbele yaliyolika upande wa ndani

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Napinga jibu la ofisi yako kuhusu matairi mawili ya mbele niliyonunua kwenu mwezi Februari, mkayafunga na kuyapima alaimenti, yaani mwelekeo wa magurudumu, wenyewe. Nimeandikiwa kwamba niliendesha na upepo mdogo, hivyo dhamana hainihusu.

Tairi lenye upepo mdogo hubonyea katikati, uzito ukaangukia kingo zote mbili, na kingo hizo ndizo hulika. Upepo ukizidi, katikati ndiko huisha kwanza. Yangu hayafanani na lolote kati ya hayo. Ukingo wa nje meno yake bado yamesimama, katikati kuna milimita 6, ila ukingo wa ndani ni kipara kabisa, na tairi la kushoto limeanza kuonyesha nyuzi. Yote mawili yamelika vilevile. Nitashukuru mkinieleza ni upepo gani unaopungua nusu moja tu ya tairi.

Pitisheni kiganja juu ya meno kutoka nje kwenda ndani, kisha kirudisheni. Safari moja mkono unateleza, safari ya pili unakwaruzwa kama umeshika msumeno. Tairi linalobingirika sawasawa haliwi hivyo. Hilo limekuwa likiburuzwa kimshazari huku gari likienda mbele.

Nimeshapima gari kwenye gereji nyingine na karatasi ya vipimo naiambatanisha. Magurudumu yote mawili ya mbele yametazama nje kupita kiwango cha mtengenezaji, ndiyo maana ukingo wa ndani ndio unaolika. Tairodi (vyuma vinavyounganisha usukani na magurudumu), boli joint na bushi zimekaguliwa, ni nzima, hazichezi. Kipimo hicho hurekebishwa kwenye tairodi, na aliyezilegeza na kuzikaza mara ya mwisho ni fundi wenu. Siku ile niliomba karatasi ya mashine nikaambiwa printa mbovu. Risiti, hata hivyo, ilitoka bila shida.

Kuhusu ukaguzi wenu wa juzi: kijana alichomeka kipimo mara moja kwenye mfereji wa katikati, akasoma 6, akaandika "tairi zima". Tairi hupimwa ndani, katikati na nje, tena sehemu mbalimbali za mzunguko wake. Hata vile vinundu vya kikomo cha milimita 1.6, vinavyoonyesha kuwa tairi limekwisha, vimo ndani ya mifereji mikuu, kwa hiyo ukingo unaweza kwisha wakati vinundu havijaguswa. Ukisimama mbele ya gari huoni kitu, mpaka ukate usukani hadi mwisho au upige jeki. Aliyeniambia hayo ni fundi pancha wa barabarani, asiye na mashine wala mapokezi yenye kiyoyozi.

Msije mkaniambia milimita 6 zinatosha. Ukingo usio na mifereji hauna pa kupitishia maji, na nyuzi zikishaonekana tairi linaweza kupasuka wakati wowote. Gari hili hubeba familia yangu Barabara ya Morogoro, masika na kiangazi, katikati ya malori.

Nadai matairi mawili mapya ya aina ileile au fedha yake, pamoja na gharama ya alaimenti niliyolipa kwenu na ile niliyolazimika kuilipa kwingine. Nataka pia vipimo vya gari langu vya siku ile, kama mashine yenu iliviweka. Na kama haikuviweka, niandikieni hivyo kwa barua yenye mhuri.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14. Baada ya hapo nitalifikisha suala hili Tume ya Ushindani, inayowalinda walaji. Matairi nimeyatoa kwenye gari na ninayo nyumbani. Sitayaacha dukani kwenu "kwa uchunguzi" kama nilivyoombwa kwa simu. Anayetaka kuyapima aje na kipimo chake, tupime wote wawili, na namba tuziandike hapohapo.

Wako,
Mteja, Tabata

Viambatanisho: nakala ya risiti, karatasi ya vipimo, picha za matairi yote mawili.