Usukani Unacheza? Usikimbilie Kukaza Nati

"Fundi, nikazie usukani, unagonga nikishika breki." Ombi hili tunalisikia mara kwa mara, na kila mara tunaacha spana ilipo kwanza. Mlio wa "tok" unaosikika ukibana breki ya mbele na kuisukuma pikipiki mbele na nyuma unaweza kutoka kwenye koni za shingo ya usukani (gololi na vikombe vyake vinavyoufanya uzunguke), kweli. Lakini pedi za breki nazo huchezacheza kidogo zilipokaa, na bushi za shokapu (pete za ndani ambamo bomba lake huteleza) zilizolika hugonga vilevile. Ukikaza koni kwa kosa la bushi, umeongeza ugonjwa wa pili.

Kwa hiyo tunapandisha pikipiki kwenye stendi kubwa na kukandamiza nyuma mpaka tairi la mbele lining'inie. Mtu mmoja anaishikilia itulie, maana stendi iliyolegea imeshawadanganya mafundi wengi (sisi tumo). Fundi anachuchumaa mbele, anashika shokapu zote mbili chini karibu na ekseli, anazivuta na kuzisukuma taratibu. Mwenzake ameweka kidole pale shingo ya fremu inapokutana na kipande cha chini kinachoshika shokapu. Koni zikiwa zimelegea, kidole kinahisi vipande viwili vikiachana na kurudiana, hata kama jicho halioni kitu.

Kidole kikikosa kitu, tunakishusha pale bomba la shokapu linapoingia ndani ya jingine. Mchezo ukiwa hapo, ni bushi. Halafu tunashika tairi lenyewe juu na chini na kulitikisa kando: likicheza peke yake huku shokapu zimetulia, ni beringi za tairi.

Bado kuna jaribio ambalo wengi hulisahau. Tairi likiwa bado hewani, zungusha usukani kwa vidole viwili, polepole, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Ukisikia unanasa katikati kama umeingia kwenye kishimo, basi ni kishimo kweli. Pikipiki huenda moja kwa moja karibu muda wote, hivyo gololi hupigwa na mashimo ya barabara zikiwa zimekaa palepale, mpaka zinachimba vikombe. Hapo hakuna cha kukaza. Hubadilishwa gololi na vikombe vyote, juu na chini. Kutia gololi mpya kwenye vikombe vilivyochimbika ni kupoteza grisi.

Mteja mmoja alituletea pikipiki iliyokazwa kwingine. Mlio ulikuwa umeisha, ila kwenye mwendo mdogo ilikuwa inayumba kama imelewa, na yeye alidhani ni tairi. Tulipoinua mbele na kuachia usukani, ulibaki pale pale tulipouacha. Usukani uliokazwa sawasawa, ukiugusa kidogo, huanguka wenyewe upande mmoja, isipokuwa kebo ziwe zinauzuia. Tulilegeza nati ile kidogo tu, hata robo mzunguko haikufika.

Mkiosha kwa mashine ya maji ya presha, msielekeze mdomo wake kwenye shingo ya usukani. Maji husukuma grisi nje na kutu huanza kimyakimya.

Na ukifungiwa koni mpya, rudi baada ya kilomita mia chache. Vikombe huwa vimeshakaa vizuri na nati huhitaji kuguswa tena kidogo. Ukaguzi huo hatuulipishi.