Barua kwa mwanangu: panga safari kwa mabega, sio kwa ramani

Mama yangu,

Ile ramani uliyoipiga picha ukanitumia nimeiona, na orodha yako pia, nimeisoma mara tatu, ya kwanza nikiwa breki kazini saa nane usiku nikacheka peke yangu mpaka jamaa wa forklifti akaniuliza kuna nini. Sikukucheka wewe. Nilijicheka mimi, maana hiyo plani yako ya kwenda na mitumbwi Boundary Waters, kule kaskazini mwa Minnesota, ndio ile ile niliyoenda nayo mwaka 2014 na wale jamaa wanne wa kazini, na bega la kushoto mpaka leo likisikia neno Ely, kale kamji ka kuanzia safari, linauma.

Nakuandikia Kiswahili makusudi, najua unakisoma polepole, ndio nataka hivyo hivyo usome polepole. Na usiipitishe kwenye Google Translate.

Kwanza pamiti ya kuingia umepata, hapo heko kabisa. Kuamka Jumatano ya mwisho ya Januari ukakaa kwenye kompyuta kusubiri saa tatu kamili wafungue, mimi nisingeweza. Na umepata Lake One, mlango wa kuingilia namba 30, ambao watu wengi wanautaka. Ila kumbuka pamiti ina siku yake na mlango wake, huwezi kuingia kesho yake wala kupitia pengine, na anayeichukua ni yule aliyeandikwa jina kuwa kiongozi au msaidizi wake, sio yeyote tu anayeendesha gari. Kwa hiyo huyo rafiki yako anayechelewaga kila mahali, tafadhali alale kwetu usiku wa kuamkia safari. Kutoka hapa Brooklyn Park mpaka Ely ni kama masaa manne, na hapo hujasimama Duluth kununua kitu.

Sasa plani. Umeandika siku nne, mnaanza Lake One mnapita Two, Three, Four, Hudson, Insula, mnazunguka juu mnatokea Snowbank. Kwenye ramani inapendeza kweli, kaduara kazuri. Swali dogo la kwanza, gari mmeliacha Lake One, mnatokea Snowbank, nani anawarudisha? Yale maduka yanayokodisha mitumbwi kule wanabeba watu kwa hela, lakini lazima mpange nao kabla, simu ndani ya Boundary Waters usiitegemee, huko ni msitu na maziwa zaidi ya elfu moja.

Swali la pili ndio lenyewe. Siku ya tatu umeandika poteji, zile njia za nchi kavu kati ya ziwa na ziwa ambapo mnabeba mtumbwi na mizigo, ukajumlisha, ukapata rodi 300, ukaiacha hapo kama namba ya chumba. Mama, rodi moja ni futi 16 na nusu, mita tano hivi, karibu urefu wa mtumbwi wenyewe. Rodi 300 ni kilomita moja na nusu. Utasema hiyo si kitu, natembea zaidi ya hapo chuoni. Sawa, lakini mko wanne na mna mitumbwi miwili, mabegi manne makubwa, na begi la chakula ambalo siku ya kwanza halibebeki. Hamtavusha vyote kwa mara moja, hakuna anayevusha vyote kwa mara moja safari ya kwanza. Unapeleka mzigo, unarudi mikono mitupu, unabeba wa pili. Njia moja umeitembea mara tatu. Kwa hiyo hiyo kilomita moja na nusu yako imeshakuwa nne na nusu, tatu kati yake una mzigo, na sio lami, ni mawe yameloa na mizizi na tope linalokuvua kiatu. Halafu katikati ya hapo ndio mnapiga kafi.

Sisi 2014 hatukujua hesabu hii. Tulibeba kama tunahamia. Mimi nilikuwa na sufuria namba kubwa, lile la bibi yako, mwiko, kilo kumi za sembe, mchele, nyanya mbichi, na chupa ya kioo ya pilipili. Hiyo chupa hatukufika nayo popote, tulipochukua pamiti wakatuonyesha video na kutuuliza maswali kidogo, wakasema chupa na makopo ya chakula hayaingii, nikasimama pale pembeni ya gari namimina pilipili kwenye mfuko wa plastiki watu wanapita. Halafu mtumbwi tulichukua wa aluminiamu kwa sababu ulikuwa bei rahisi, zaidi ya kilo thelathini ule, na mimi ndio niliyejisifu nimezaliwa kisiwani basi nikapewa. Sasa Ukerewe nani anabeba mtumbwi kichwani? Mtumbwi wetu uko majini au umevutwa mchangani basi. Nilivyoingia chini yake na ule mti wa katikati ya mtumbwi, wa kuubebea mabegani, ukanikalia shingoni, nikatembea hatua kama hamsini nikasikia kitu kinalia ndani ya bega, na sioni mbele, ukiwa umeufunika kichwani unaona miguu yako na mita mbili za njia tu. Nikaingia kwenye mti. Wenzangu wakacheka mpaka wakakaa chini.

Kwa hiyo kodini wa Kevlar, zile nyuzi nyepesi ngumu, ongezeni hela, kilo ishirini hivi. Lakini huo hautaki kuburutwa, unaupakia ukiwa unaelea, mnashuka majini miguu ikaloa, sio kuukwangulia kwenye jiwe kama watu wanaoogopa kulowa. Viatu vya kulowa ni vingine, vya kambini ni vingine. Na anayebeba mtumbwi atanguliwe na mtu anamwambia tope, mzizi, tawi. Chukua kanga zangu mbili pale kabatini, moja ikunje kama kata uiweke shingoni chini ya ule mti, ya pili utaona kazi yake, taulo, shuka, bandeji, pazia la kubadilishia nguo. Wale vijana wa biashara ya manyoya zamani, waliofanya kazi na Wafaransa, walibeba mizigo miwili kwa mara moja, kama kilo themanini, kwa mkanda wa kichwani kama mama wa Kikuyu na kuni zake. Na kabla yao Waojibwe, wenyeji wa asili wa kule, ndio walikuwa wanapita huko na mitumbwi ya magome ya mti, myepesi. Sisi tumekuja na sufuria.

Mimi ningefanya hivi, na wewe ukatae ukitaka. Siku ya kwanza Lake One mpaka Lake Three basi. Kuna vipoteji viwili tu vifupi kati ya One na Two, kimoja kama rodi 30 kingine kama 40, baada ya hapo Two na Three na Four mnapita majini bila kushuka. Usidharau Lake One lakini, lile ziwa lina vikona na visiwa, watu wengi wanapotea hapo hapo saa ya kwanza, sisi tulizunguka kisiwa kimoja mara mbili tukadhani ni viwili. Ramani ya karatasi na dira mbele ya magoti yako, sio ndani ya begi. Mkifika Three tafuteni kambi mapema, saa nane saa tisa mchana muwe mmeshuka, kambi huko hazina bukingi ukikuta mtu umekuta mtu, na mnatakiwa kulala pale penye chuma cha moto na kile choo cha porini kisicho na ukuta, utakizoea. Wekeni hema hapo usiku zote tatu. Halafu siku za katikati mnaenda Four mpaka Hudson na mitumbwi mitupu, chakula cha mchana na jaketi za mvua tu, mkichoka mnarudi. Hapo mtafurahi. Duara la Snowbank fanyeni mwakani mkishajua mabega yenu yanasemaje.

Eneo hilo utaona miti mingi midogo ya umri mmoja na mingine mirefu imekufa imesimama. Ni moto wa Pagami Creek, radi ilipiga Agosti 2011, mwezi uliofuata upepo ukaubeba, ukala ekari zaidi ya 90,000. Msilale chini ya hiyo iliyokufa hata kama hema linakaa vizuri, inaanguka yenyewe siku isiyo na upepo.

Upepo sasa. Lake Three ni pana, na upepo unaamka mchana kama kwetu. Vukeni asubuhi, saa kumi na mbili, saa moja, mkiona vichwa vyeupe kwenye maji mnakaa mnapika chai, hata siku nzima. Ndio maana plani ya kila siku kulala pengine siipendi, ukishaipanga hivyo upepo ukija utavuka tu kwa sababu karatasi imesema uvuke.

Na laifujaketi. Nimeona kwenye orodha umeandika "zimo kwenye mtumbwi". Hapana mama. Mwilini, imefungwa, muda wote mko majini, hata ziwa likiwa kama kioo, hata jua likiwa kali, hata wenzio wakivua. Wewe unajua nilikuwa nasoma Mwanza mwaka 1996 MV Bukoba ilipozama, Mei 21, sijawahi kukusimulia yote na leo sikusimulii. Na unakumbuka Septemba 2018 nilivyokaa na simu jikoni usiku kucha, MV Nyerere imepinduka pale Ukara, karibu na gati kabisa, watu wanaiona nchi kavu. Maji ya kwetu angalau ya uvuguvugu. Nyie mnaenda mwisho wa Mei, barafu imeondoka juzi tu, ukidondoka pumzi inakata kabla hujakumbuka kama unajua kuogelea. Najua unaogelea vizuri, nimekufundisha mimi.

Chakula. Dagaa. Usicheke, hakuna chakula cha safari kama dagaa wakavu, wepesi, hawaozi, wamejaa nguvu, na wa Ukerewe wapo kwenye friza. Wakaange hapa nyumbani na chumvi na pilipili wakauke kabisa. Sembe kilo mbili zinatosha, karanga, tende, viazi viwili vitatu vya siku ya kwanza tu. Sufuria dogo. Harufu najua, wenzio watalalamika, lakini wa kuogopa ni dubu, yeye dagaa atawapenda kuliko wao, kwa hiyo kila chenye harufu, mpaka dawa ya mswaki, kinalala kwenye lile pipa gumu la kuzuia dubu, mbali na hema, sio ndani hata kidogo. Kodini pipa, msihangaike na kamba na matawi usiku. Maji mchuje au mchemshe, ziwa kuwa safi machoni sio hoja, Giardia, kijidudu cha kuharisha, hakionekani. Na mwisho wa Mei kuna visubi, sio kama wale wadudu wa ziwani kwetu wanaopanda kama moshi halafu basi, hawa wanauma nyuma ya masikio mpaka damu. Chukua neti ya kichwani.

Usiku mtasikia ndege anapiga kelele kama mtu anacheka na kulia pamoja, ni loon. Mwaka ule mimi nilitoka nje na mwiko.

Ile mashine ya setilaiti ya kutuma ujumbe nitalipia mimi, wewe kila jioni nitumie neno moja tu, "tumefika", hata kama hamjatoka kambini. Mama yako atalala.

Jumamosi leta hao wenzako wote watatu na mabegi yakiwa yamejaa kama siku yenyewe. Nitakodi mtumbwi mmoja hapa hapa mjini tuubebe kuzunguka bustani mara tatu, rodi mia moja nimeshazipima kwa hatua. Mje na viatu mtakavyovaa huko, na msije mmekula sana.

Baba