Njia Inayopitisha Treni si Mahali pa Kuketisha Watoto

Cheyo, Tabora
14 Julai 2025

Meneja,
Kampuni ya Ziara na Utalii,
Kigoma.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU ZIARA YA RELI YA KALE, KIGOMA HADI LUICHE

Husika na kichwa cha barua hapo juu.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia. Mwishoni mwa mwezi uliopita nilikuja Kigoma na familia yangu kwa ajili ya ziara yenu, mliyoitangaza kuwa ni ya "reli nyembamba ya kale iliyohifadhiwa, katikati ya mashamba". Nililipa shilingi 85,000 kwa kila mtu mzima na nusu yake kwa kila mtoto. Nakala ya risiti nimeiambatanisha. Tulikuwa na baba yangu mzazi, aliyefanya kazi kwenye gengi la njia, yaani kikosi cha kutunza reli, tangu enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, kabla halijavunjika mwaka 1977. Ziara hii niliilipia kwa ajili yake hasa.

Nianze na lililo zito. Tulipofika upande wa Luiche, kijana wenu wa kuongoza ziara alitushusha kwenye Kosta, akatupitisha kwenye michikichi hadi relini, kisha akawaambia wageni wakae juu ya reli wapige picha. Watoto aliwapanga katikati, juu ya mataruma, yale yanayolazwa chini ya reli kuishikilia. Baba alikataa palepale, akamwambia, "Mwanangu, njia hii inafanya kazi. Watoe watoto." Kijana akajibu kwamba siku hiyo treni ya abiria haipiti, mzee asiwe na wasiwasi.

Kwenye reli haipiti treni ya abiria peke yake. Ipo ya mizigo, kipo kichwa kinachotembea bila mabehewa, na kipo kiberenge, kile kigari kidogo cha mafundi wa njia, ambacho hakina habari na ratiba ya abiria. Kilichokuja ni kiberenge. Kilitokea kwenye kona yenye majani marefu, kikapiga honi, watu wakatawanyika huku na huku. Mjukuu wangu wa kike alivutwa mkono na mama mmoja ambaye hata hatukuwa tunamfahamu, Mungu ambariki. Wale mafundi walisimama hatua chache kutoka pale walipokuwa watoto, wakatugombeza, nao walikuwa na haki kabisa. Kijana wenu wakati huo alikuwa ng'ambo ya tuta anaongea na simu.

Ndugu Meneja, hakuna aliyeumia, lakini siwezi kulichukulia jambo hili kama bahati mbaya ya siku moja. Linatokana na tangazo lenu lenyewe. Njia mliyotupeleka ni Reli ya Kati, ile ya upana wa milimita 1,000, na mpaka leo inabeba abiria na mizigo kati ya Kigoma na Tabora. Watu wa Kazuramimba, Uvinza na Nguruka wanaitegemea. Ziko nchi zenye reli nyembamba zilizookolewa zisife, zikatunzwa kwa ajili ya wageni. Kule Wales kuna ya Talyllyn, ambayo wananchi wa kujitolea waliichukua mwaka 1951 na wanaiendesha kwa injini za mvuke hadi sasa. Basi hata reli ya namna hiyo ina treni zake na kanuni zake za usalama. Ninyi mmechukua njia ambayo bado iko kazini, mkawauzia watu kama uwanja wa kupigia picha.

La pili ni boliti. Kijana aliuliza swali, mjukuu wangu mkubwa akalijibu, akapewa zawadi: boliti yenye nati yake, ina kutu, nzito kuliko mkono wa mtoto. Ilitoka kwenye mfuko uliokuwa na nyingine kadhaa. Nilipomuuliza amezipata wapi, alisema ziko nyingi njiani. Baba aliichukua, akaigeuzageuza, akaitambua. Ni ya kufungia kibanio kinachoishika reli kwenye taruma la chuma. Kama ziliokotwa au zilifunguliwa sijui, na sitamsingizia mtu. Ila kifaa cha reli si mali ya kampuni ya utalii, na mtoto aliyepewa boliti leo kama kumbukumbu, kesho atakwenda kujitafutia nyingine mwenyewe. Tuliikabidhi stesheni ya Kigoma jioni ileile.

Tukio la kiberenge lilipopita, watu wakiwa wamesimama mbali na njia, baba alianza kuwaeleza wageni kazi ya gengi. Aliwaonyesha kwa fimbo yake jinsi ya kukijua kibanio kilicholegea: pembeni ya kitako cha reli panang'aa, kwa sababu chuma kinasuguana na chuma kila treni inapopita, wakati kilichokazwa sawasawa kina kutu tulivu pande zote. Watu wote walimzunguka. Msichana mmoja wa chuo alitoa daftari akaanza kuandika. Hiyo ndiyo ilikuwa ziara, na hamkuilipia hata senti. Kijana wenu akapiga makofi: "Mzee, muda!" Akaturudisha kwenye gari. Mzee wa umri ule, katikati ya sentensi! Mpaka leo roho inaniuma.

Kuhusu historia, nitasema kwa ufupi ingawa ndiyo kazi yangu. Tuliambiwa kwamba reli hii ilijengwa na Waingereza na ilifika Kigoma mwaka 1905. Mwaka 1905 ndipo Wajerumani walipoanza ujenzi kutoka Dar es Salaam. Ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, umbali wa zaidi ya kilomita 1,200. Tuliambiwa pia kwamba meli ya Liemba, ile ya Ziwa Tanganyika, iliundwa Kigoma. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, vipande vikaletwa kwa reli hii hii na kuunganishwa kando ya ziwa. Bandarini kwenyewe, ambako kulikuwa kwenye ratiba, hatukufika, eti muda umekwisha.

Kilichonisikitisha zaidi ni kwamba waliojenga hawakutajwa. Kabla ya reli, mizigo ilitoka Ujiji kupitia Tabora hadi Bagamoyo mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Wanyamwezi haohao waliajiriwa kwa wingi kuchimba na kuinua tuta, na reli iliyokuja ikaua upagazi wao. Nilitaka wajukuu zangu walisikie hilo wakiwa wanaliona tuta kwa macho yao. Walichosikia ni habari za Mjerumani na Mwingereza tu.

Haya mambo yana haraka kuliko mnavyodhani. Mkataba wa SGR, yaani reli mpya ya kisasa, ya Tabora hadi Kigoma ulisainiwa Desemba 2022, na hiyo ni ya milimita 1,435. Tangu 2024 watu wanapanda treni ya umeme kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma. Itafika siku njia hii ya mita moja itahitaji kweli kutunzwa, na watakaotakiwa kuieleza ni wazee kama baba, ambao wanazidi kupungua. Kampuni yenu ina nafasi ya kufanya kazi hiyo vizuri. Kuanzia jengo la stesheni pale mwisho wa Barabara ya Lumumba hadi Ujiji, kila kitu kipo, na mgeni hahitaji kukanyaga taruma hata moja.

Kwa hiyo naomba mnirudishie nusu ya fedha nilizolipa, kwa sababu bandarini hatukufika na maelezo tuliyopewa hayakuwa sahihi. Mfuko wa boliti ukabidhiwe kwa mkuu wa stesheni, nami nipate uthibitisho wa maandishi. Kuwaketisha watu relini kukome mara moja, leo, kabla hata hamjamaliza kujadili barua hii, na tangazo lirekebishwe liseme wazi kwamba njia inatumika. Tena tafuteni wastaafu wa reli wanaoishi hapo hapo Kigoma, muwalipe waongoze ziara pamoja na vijana wenu. Kijana yule simwombei afukuzwe. Ana sauti nzuri na anapenda watu. Afundishwe, na aanze kwa kumwomba radhi mzee.

Nasubiri majibu yenu kwa maandishi ndani ya siku 14. Nisipoyapata, nitalipeleka suala hili Tume ya Ushindani pamoja na risiti na picha zilizopigwa siku ile.

Wenu,

Mteja, mwalimu mstaafu
Cheyo, Tabora

Nakala: Mkuu wa Stesheni, Kigoma