Kaka, jua likizama mtambo hauzimi

Shikamoo kaka,

Simu zangu hupokei, basi naandika hapa. Usome mwenyewe au wanao wakusomee.

Nimesikia mnataka boila ya pumba za mpunga ifue umeme usiku na mchana. Kwa pumba hujakosea. Wewe ndiye uliyenifundisha kuzikoleza jikoni kwa mama. Lakini mkizichoma mchana kutwa, zitaisha kabla ya mavuno mengine. Mchana jua lipo.

Ndilo nililokuwa nikisema kwenye arobaini ya baba. Wazee wamekaa mkekani, ukanikatiza: "Jua likizama utawasha kibatari?" Wakacheka. Mjomba naye akacheka. Ulijua nilichokwenda kusomea, ukaniacha nimesimama na sinia la pilau mikononi. Halijanitoka moyoni.

Jibu lako lipo Les Borges Blanques, Hispania, tangu 2012. Vioo vilivyopinda kama mfereji vinafuata jua na kukusanya mwanga kwenye bomba. Mafuta yaliyomo yanafikia karibu nyuzi 400, yanachemsha maji, mvuke unazungusha tabaini, mashine ya kufulia umeme, ya megawati 22.5. Jua likizama, boila za mabaki ya misitu na mashamba zinapasha mafuta hayo hayo, na tabaini ni ile ile, ingawa inazunguka kwa nguvu ndogo kuliko mchana. Brønderslev, kaskazini mwa Denmark, nao wameunganisha vioo na chipsi za mbao, na joto linalobaki linapasha nyumba za mji. Denmark, kaka! Sisi jua tunalikimbilia kivulini.

Sikudanganyi, vioo ni ghali, tena vinataka jua lisilo na wingu. Masika pumba ndizo zitakazobeba karibu kazi yote. Ndiyo maana kiangazi zisiteketezwe ovyo, zihifadhiwe pakavu. Hata kama hela ya vioo haijapatikana, acheni uwanja tambarare kando ya boila, na fundi aache mahali pa kuunga bomba.

Watu wanasema nilisusa harusi ya binti yako. Sikususa. Mchango nilituma, na yeye nampenda kama wangu. Ila ningekaa wapi, mkeka ule ule, na mjomba yule yule? Mama anasema mdogo ndiye hushuka. Nimeshuka tangu utotoni, kaka, na kwa hili sikuwa na cha kushukia.

Usiniite kikaoni. Nitumie michoro ya boila kabla hujaweka saini, nitaisoma usiku huo huo.