Kibarua akiugua, naye alipwe apumzike

Mhariri,

Mwezi uliopita, katika kiwanda cha mikate ninachofanyia kazi hapa Jinja, Uganda, mwenzangu wa zamu ya usiku alianguka karibu na tanuri. Alikuwa na malaria. Kliniki ilikuwa imempa vidonge 24, vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku tatu, avimeze na chakula, kisha alale. Hakulala. Usiku uleule alikuja kukanda unga, maana sisi vibarua hulipwa kwa siku, na siku usiyoonekana getini haina pesa. Namshukuru Mungu aliangukia upande wa magunia.

Wasimamizi husifu mtu wa namna hiyo kwamba amejikaza. Lakini mwenye homa akisimama mbele ya tanuri hukaukiwa maji mwilini, mikono inatetemeka, macho yanaona giza, na mashine ya kukandia haimsubiri.

Tena malaria haiambukizwi kwa kukohoa. Kifua kikuu kinaambukizwa hivyo. Kuna mwenzetu anakohoa wiki ya tatu sasa, ndani ya chumba cha kufungia mikate ambacho madirisha yake hayafunguki. Kikohozi kilichopita wiki mbili ni cha kupimwa, na hospitali za serikali hupima na kutoa dawa za kifua kikuu bure. Kinachomshinda ni ile siku moja ya kupanga foleni, kwa sababu jioni yake watoto watataka kula.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi aliyetimiza mwezi mmoja kazini mshahara kamili katika mwezi wa kwanza wa ugonjwa. Kanuni za mwaka 2011 zinakataza kumweka mtu kibarua zaidi ya miezi minne. Akiipita, apewe mkataba wa maandishi. Mimi huu ni mwaka wangu wa tatu, na jina langu bado liko kwenye daftari la vibarua. Tulipouliza, tulijibiwa kwamba nje ya geti wapo wengi wanaoitaka kazi hii.

Namwomba afisa wa kazi wa wilaya aje usiku, bila kupiga simu kwanza. Aombe daftari hilo, asome tarehe tulizoanza kazi, kisha aingie chumba cha kufungia mikate asikilize.

Mfanyakazi wa kiwandani,
Jinja