Keki ya Gort

Mwanangu mpenzi,

Huku nyumbani hatujambo. Bibi yako anakuulizia kila kukicha.

Juzi kwenye simu ulinung'unika kwamba tangu uanzishe kikundi cha maigizo hujaandika hata ukurasa. Siku nzima ni risiti, kodi ya ukumbi, na waigizaji wanaokacha mazoezi. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa namwaza Augusta Gregory, yule mama wa Ireland.

Alikuwa mjane, mwenye nyumba kubwa Coole, karibu na mji wa Gort, na alianza kutunga tamthilia akigonga miaka 50. Ukumbi wa maigizo wa Abbey ulipofunguliwa Dublin tarehe 27 Desemba 1904, usiku uleule ulichezwa mchezo wake wa kuchekesha. Ndani yake, siku ya gulio, mtu aitwaye Bartley anamkimbilia mwenzake amrudishie uma wa nyasi aliousahau. Kitambo kidogo, gulio zima linasema amemuua! Umbea wa mtaani kwetu kabisa.

Sasa sikiliza. Leseni ya ukumbi ilitoka kwa jina lake, kwa kuwa mfadhili, Annie Horniman, hakuwa mkazi wa Ireland. Mei 1910 mfalme Edward VII akafariki. Meneja kijana akapeleka telegramu Coole: tufunge au tucheze? Telegramu ikachelewa njiani, jibu la kufunga likafika maji yameshamwagika: walishacheza. Horniman akaghadhibika, akakata fedha. Augusta, karibu miaka 60, akaanza kuwabishia hodi matajiri. Mwaka 1911 akavuka bahari na kundi hadi Marekani, na Januari 1912 waigizaji wake wakakamatwa Philadelphia kwa mchezo wa mwandishi mwenzake, Synge, uliodaiwa kukosa adabu. Kesi ikafutwa. Ruzuku ya serikali ya Ireland ilikuja 1925: pauni 850.

Na katikati ya hekaheka hizo aliendelea kutunga. Wapo wanaomtaja kama msaidizi wa mshairi Yeats tu; hao mimi sielewani nao.

Ila ninachokipenda zaidi ni keki. Akiwa na mchezo mpya, alileta kutoka Gort keki ya matunda, kubwa kama gurudumu, ikabebwa na watu wawili hadi chumba cha waigizaji.

Mkate wa kumimina nimeupakia kwenye basi la leo usiku, sinia mbili. Kapokee mapema, usiwaachie makondakta.

Mama yako